Kibali cha Nguvu Ndogo

Kuna nchi moja iitwayo Shwarini. Usiitafute kwenye ramani, maana ramani zake zote zimefungiwa kabatini kwa sababu za usalama, na aliyekuwa na ufunguo alistaafu akaondoka nao. Mimi sijawahi kufika huko, sina ndugu huko, wala sina neno baya na mtu yeyote wa huko. Nasimulia tu yaliyompata mwanamke mmoja wa mji wa Lwanjilo. Wewe ukiona yanafanana na ya mahali unapopajua, hilo ni lako wewe na mahali penyewe.

Mwanamke huyo aliitwa Perusi Mwandambo, fundi wa redio na televisheni. Alikuwa mtu asiyetulia. Alikula amesimama. Akizungumza nawe, mkono wake mmoja ulikuwa na bisibisi na unakaza kitu, hata kama kitu chenyewe hakikulegea. Mumewe, Yonazi, mkulima wa vitunguu, mtu wa polepole na maneno machache, alikwisha kuzoea kulala na mke anayepanga nyaya ndotoni.

Lwanjilo ni mji wa bondeni, kando ya mto Msindika. Haukuwa na zahanati, lakini kila nyumba ilikuwa na televisheni. Serikali ilizigawa wakati wa uchaguzi, ili wananchi waweze kuiona zahanati iliyojengwa mji mwingine. Kwa hiyo watu wa Lwanjilo, wakiugua, walikaa mbele ya televisheni wakaitazama zahanati, na wengine, nasikia, walipata nafuu.

Masika ya mwaka uliopita mto ulifurika. Watu wa milimani waliyaona maji saa mbili nzima kabla hayajafika bondeni, lakini hapakuwa na njia ya kuuambia mji mzima kwa pamoja. Kituo pekee cha nchi nzima, Televisheni ya Taifa, asubuhi ile kilikuwa kikirudia kwa mara ya nne uzinduzi wa choo cha wizara. Watu saba walikufa. Mmoja wao alikuwa Atupele, dada yake Perusi, aliyekutwa na maji ndani, akipiga pasi, televisheni ikiwa inaonyesha Waziri anavuta mnyororo wa maji na watu wanapiga makofi.

Televisheni ya Taifa iliyatangaza mafuriko hayo siku ya tisa, ardhi ikiwa imekwisha kukauka. Iliyaita "unyevu wa muda."

Tangu siku hiyo Perusi alizidi kutotulia. Alikusanya vipuri, akauza cherehani yake, Yonazi akauza vitunguu vya msimu mzima bila kuulizwa mara mbili, na kufika mwezi wa kwanza alikuwa ameunda mtambo mdogo wa kurushia picha. Nguvu yake haikuzidi ya balbu chache. Picha zake zingefika mwisho wa mji na kuishia hapo. Kilichobaki kilikuwa mnara, na mnara haukuruhusiwa kusimama bila kibali, na kibali kiliuzwa makao makuu, na masika yalikuwa yanakuja.

*

Mamlaka ya Picha Zinazopita Angani ilikuwa jengo la ghorofa kumi na mbili lisilo na ngazi kati ya ya nne na ya tano. Perusi alielekezwa kwa Mkurugenzi wa Udogo, Bwana Gaspari Ntimbwi, mzee mnadhifu mwenye suti ya kijivu, ambaye kwa bahati nzuri alikuwa ghorofa ya nne.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama. Keti."

"Nimezoea kusimama, mzee."

Bwana Ntimbwi alichukua fomu yake akaisoma kwa kidole. Kidole kikakwama mstari wa kwanza.

"Unaomba nguvu," akasema.

"Ndogo, mzee. Mtambo wa nguvu ndogo."

"Ndogo kuliko ya nani?"

Bwana Ntimbwi akavua miwani, akaanza kusema kwa sauti ya mtu anayehutubia uwanja. "Mama, Katiba ya Shwarini inasema nguvu zote ni za Rais. Haisemi nyingi. Inasema zote. Sasa wewe ukichukua kidogo, kule zinabaki ngapi?"

"Zote kasoro kidogo," alijibu Perusi, ambaye kama fundi alipenda hesabu iliyonyooka.

Mzee aliinuka akaenda kuhakikisha mlango umefungwa. Aliporudi, kidole kilishuka hadi mstari wa pili, palipoandikwa kusudi la kituo. Perusi alikuwa ameandika: *Kuwatahadharisha watu kabla maji hayajafika.*

"Kabla?" Bwana Ntimbwi akanong'ona. "Umeandika *kabla* kwa wino?"

"Maji yakishafika, mzee, tahadhari ya nini?"

"Sikiliza, mwanangu. Wizara yetu ni Wizara ya Utulivu na Habari Zilizokwisha Kutokea. Jambo likitokea, tunangoja litulie, kisha tunalitangaza. Kutangaza jambo ambalo bado halijatokea ni kulichochea litokee. Hiyo ni miaka mitatu." Akachukua kalamu, akaukata mstari kwa upole, akaandika kwa mkono wake mwenyewe: *Kuendeleza furaha iliyopo.* "Nimekuokoa. Sasa nenda ukatafute Cheti cha Udogo. Bila cheti, nitajuaje kwamba ni ndogo?"

"Mzee, wewe si ndiye Mkurugenzi wa Udogo?"

"Ndiyo. Kwa hiyo utaniandikia barua, na mimi nitaunda tume."

Perusi alitoka nje, akapiga simu nyumbani. Nguzo ya daraja la Lwanjilo ilikuwa na mistari minne iliyopakwa rangi, na watu wa mji waliiita kwa majina ya mwili: goti, kiuno, kifua, mdomo. Maji yakigusa mdomo, nyumba za bondeni zimekwisha.

"Baba Neema, yako wapi?"

"Chini ya goti," akasema Yonazi. "Ila yamebadilika rangi."

*

Tume ya Udogo ilifika Lwanjilo baada ya majuma mawili. Walikuwa wajumbe kumi na mmoja katika magari kumi na moja, kwa sababu mjumbe wa tume ya Serikali hawezi kupanda gari la mwenzake bila barua. Waliuzunguka mtambo wa Perusi, uliokuwa juu ya meza, ukubwa wa sanduku la viatu. Waliupima kwa futi, wakaupima kwa shubiri. Mmoja akaunusa. Bwana Ntimbwi, aliyekuwa mwenyekiti, alitangaza kwamba tume imeridhika kuwa ni mdogo, isipokuwa ingehitaji siku nne zaidi za kuridhika, hotelini.

Siku ya nne wakatoa sharti. Mnara usiwe mrefu kuliko sanamu ya Rais iliyosimama sokoni.

"Sanamu ina urefu gani?" aliuliza Perusi, kalamu mkononi.

"Hiyo ni siri ya Taifa."

"Sasa nitajenga vipi mnara mfupi kuliko kitu nisichokijua?"

"Kwa unyenyekevu," akasema mwenyekiti, na wajumbe wakaandika neno hilo kwenye madaftari yao.

Perusi hakungoja magari yamalize kuondoka. Saa tano asubuhi, jua kali, alikwenda sokoni na kamba, akapima kivuli cha sanamu, akapima kivuli cha fimbo yake, akapiga hesabu chini kwa kidole mbele ya wauza nyanya. Alikuwa anafunga fundo la mwisho la kamba alipokamatwa na askari. Shitaka lilikuwa kukipima kivuli cha Mkuu wa Nchi bila idhini ya kivuli wala ya Mkuu.

Kituoni walikaa naye hadi alasiri. Kisha mkuu wa kituo akatuma askari wawili wakalete kielelezo, nao wakarudi na habari kwamba kivuli hakipo tena pale. Kimehamia upande wa wauza samaki na kimekuwa kirefu mara mbili. Kesi bila kielelezo haiendi popote. Perusi akaachiliwa kwa onyo, na kamba yake akarudishiwa, kwa kuwa hakuna aliyeelewa mafundo. Usiku hakulala, alfajiri alikuwa ameinamia mabomba ya chuma akiunganisha mnara ukiwa umelazwa chini, kipande kwa kipande, mfupi kuliko sanamu kwa upana wa kiganja.

Maji yalikuwa yamefika goti.

*

Akarudi makao makuu kununua kibali chenyewe. Dirisha la kununulia vibali lilifunguliwa kila Jumanne, kuanzia saa nne hadi karani atakapochoka. Karani alikuwa binti mwenye adabu sana.

"Mama, hapa panahitajika uthibitisho kwamba umewahi kurusha matangazo kwa miaka mitatu."

"Kurusha bila kibali si kosa?"

"Ni kosa, mama. Miaka mitatu jela."

"Sasa mtu anapataje huo uzoefu?"

"Wengi huanza na uzoefu halafu wanakwenda jela," akasema binti, akitabasamu kwa huruma. "Wakitoka wanakuta sharti limebadilika. Pia kuna Ada ya Uaminifu. Hiyo inalipwa na mwananchi anayeahidi kutotoa rushwa. Ukiilipa taslimu, bila risiti, faili linatembea haraka."

Kwa siku sita Perusi alizunguka ndani ya jengo lile. Alipanda, akashuka, akakwea kwa mikono pale pasipo na ngazi. Alisimama kwenye korido akihesabu vigae. Alitengeneza feni ya chumba cha mafaili, simu ya mapokezi, na kengele ya lifti iliyokuwa imekufa kabla lifti haijanunuliwa, yote kwa sababu mikono yake ilikataa kungoja bure. Kila saa alipiga simu nyumbani. Siku ya sita Yonazi akasema neno moja tu: "Kiuno."

Perusi akaingia kwa Bwana Ntimbwi bila kubisha hodi.

"Mzee, dada yangu alikuwa anapiga pasi," akasema.

"Samahani?"

"Atupele. Alikuwa anapiga pasi sare za watoto wa shule. Tulimkuta kamba ya pasi iko mkononi. Alikuwa anatazama televisheni yenu, mzee, na televisheni yenu ilimwonyesha choo. Maji yalikuwa nyuma ya mlango na yeye anatazama choo."

Bwana Ntimbwi alihamisha muhuri kutoka kulia kwenda kushoto. Akaurudisha.

"Mimi pia nina dada," akasema hatimaye, kwa sauti isiyo ya uwanjani. "Anakaa Kilolera. Karibu na ziwa." Akakohoa. "Kuna njia moja. Kitu kikishazinduliwa na Waziri, hakuna mtu katika nchi hii anayeweza kusema hakina kibali, kwa sababu atakuwa anasema Waziri amekosea. Nitamwandikia Mheshimiwa. Anapenda kuzindua. Juma hili hana kitu cha kuzindua, na nasikia hali yake si nzuri."

Kibali kikatoka kesho yake, karatasi nzito yenye mihuri tisa. Perusi alikibusu, kisha akakisoma. Sharti la kwanza: siku ya uzinduzi kamera isiondoke kwenye uso wa Mheshimiwa Waziri hata mara moja. La pili: maneno *maji*, *mto*, *mvua* na *hatari* yasitamkwe hewani. La tatu: baada ya uzinduzi, kila habari ipelekwe makao makuu, ikaguliwe, itangazwe siku ya tisa.

Alisoma mara mbili. Alikuwa amenunua kituo cha kuwaambia watu mambo waliyokwisha kufa nayo. Alitembea kutoka jengo lile hadi stendi kwa miguu, akilia kwa hasira na bila kupunguza mwendo.

*

Perusi aliomba uzinduzi ufanyike kilimani, kwenye uwanja wa shule. Maofisa wa itifaki wakakataa. Mheshimiwa, walieleza, huonekana mtulivu zaidi mbele ya mto. Jukwaa likajengwa kando ya daraja, mnara ukasimamishwa ubavuni mwake, na Perusi akapewa kazi ya kushika kamera.

Wananchi waliamriwa wabaki majumbani, kwa kuwa mkusanyiko wa watu unaweza kuhatarisha usalama wa watu. Mgambo walipita nyumba kwa nyumba kuhakikisha kila televisheni imewashwa na kila mtu ameketi mbele yake. Wapiga makofi arobaini waliletwa kwa basi kutoka mji mwingine. Kwa hiyo, saa tatu asubuhi ile, watu wote wa Lwanjilo walikuwa wanatazama kitu kimoja.

Kilichoonekana kilikuwa uso wa Waziri, mpana na uliong'aa mafuta. Na nyuma ya sikio lake la kushoto, nguzo ya daraja.

"Ndugu wananchi!" alianza Mheshimiwa. "Leo tumewaletea nguvu! Nguvu ndogo, inayowatosha! Wako wanaosema mji huu una matatizo. Nimefika, nimeangalia kulia, nimeangalia kushoto, sikuyaona!"

Makofi. Hakuangalia nyuma.

Mvua ilikuwa imenyesha milimani tangu alfajiri. Perusi, jicho kwenye kamera, aliona mstari wa kiuno ukipotea. Miguu yake ilitaka kukimbia, mdomo wake ulitaka kupiga kelele, na kando yake walisimama askari wawili wenye nakala ya masharti. Akashika lenzi. Akaizungusha kidogo, pole pole, uso wa Waziri ukawa mdogo zaidi na nguzo ikaonekana yote.

"Unafanya nini?" akauliza askari.

"Tai ya Mheshimiwa haikuonekana," akasema Perusi. "Ni tai nzuri."

Askari akakagua kwenye kioo kidogo cha kutazamia. Uso ulikuwepo. Tai ilikuwepo. Akaridhika.

Majumbani, watu waliacha kuitazama tai. Mzee mmoja aliweka kikombe chini. Mtoto akasema, "Kifua," na mama yake akamwambia nyamaza, kisha akainuka, akamfunga mdogo mgongoni. Mwalimu Andongolile, mkuu wa shule, alitoka mbio kwenda kugonga kengele ya shule, na mgambo aliyetumwa kumzuia, alipopita kwenye dirisha la jirani na kuiona nguzo, akaenda kumchukua mama yake mzazi.

"Shwarini hakuna mafuriko!" alikuwa anasema Waziri. "Kuna maji yenye shauku ya maendeleo!"

Bwana Ntimbwi alisogea kwenye kamera kuangalia jinsi tume yake inavyoonekana. Akainama kwenye kioo.

"Mama Perusi," akasema, "ile nguzo…"

"Siruhusiwi kusema, mzee. Tazama tu."

Mzee alitazama kidogo tu. Kisha alifanya jambo ambalo hakulifanya miaka thelathini na mbili ya utumishi: alikimbia. Alipanda jukwaani, akamnong'oneza Waziri. Waziri akageuka. "Naambiwa muda wetu umekwisha," akasema kwenye kipaza sauti, akaruka chini, na kiatu kimoja kikabaki jukwaani peke yake kikihutubia. Wajumbe, askari na wapiga makofi wakamfuata kukwea kilima. Perusi alikuwa wa mwisho. Aliiacha kamera ikiwaka juu ya miguu yake mitatu, ikionyesha mdomo wa nguzo, hadi maji yalipochukua jukwaa, mnara, magari kumi na moja na picha.

Kilimani, chini ya mvua, Mwalimu Andongolile alipanda juu ya dawati akaita majina, mtaa kwa mtaa, kutoka daftari la kodi, kwani Serikali haikuwa na daftari jingine lililojua watu wote wa Lwanjilo. Kila jina lilijibiwa. Perusi alizunguka katikati ya watu, akiwageuza mabega, akitafuta.

"Yonazi Mwandambo!"

Mwalimu akainua kichwa, akaita tena.

"Yonazi Mwandambo!"

Perusi alikwisha kuanza kushuka kilima, watu wanamshika kanga, mtu alipojitokeza kwenye njia ya chini, polepole kama kawaida yake, akisukuma toroli. Ndani ya toroli alikuwa amekaa Bibi Ndimbumi wa jirani, miaka themanini na kitu, amekumbatia televisheni yake.

"Nipo," akasema Yonazi, akihema. "Alikataa kuiacha."

Mwalimu akaandika. Watu elfu mbili mia tatu na kumi na sita. Wote.

*

Waziri alipewa nishani kwa kusimama imara mbele ya unyevu. Perusi alipewa wito wa kufika makao makuu, mbele ya tume.

Wajumbe walikuwa wale wale kumi na mmoja, mwenyekiti yule yule. Shitaka la kwanza: kuonyesha mto usio na kibali cha kuonekana. La pili: kutangaza jambo kabla halijatokea. Yalisomwa kwa dakika hamsini, na Perusi alisikiliza amesimama, akihama mguu mmoja kwenda mwingine.

"Una la kujitetea?" akauliza Bwana Ntimbwi, bila kumtazama usoni.

"Nina swali, mzee. Siku ile mlikuja Lwanjilo wajumbe wangapi?"

"Kumi na mmoja."

"Na mkarudi wangapi?"

Kama mtu asiyejua anafanya nini, Bwana Ntimbwi aliinua kalamu yake akaanza kuwahesabu waliokaa mezani, mmoja mmoja, akimtazama kila mmoja kana kwamba anamwona kwa mara ya kwanza. Kalamu ilipofika mwisho wa meza ilirudi, ikagusa kifua chake mwenyewe. Kumi na mmoja. Mjumbe mmoja, yule aliyeunusa mtambo, alitoa leso.

"Katibu," akasema mwenyekiti kwa sauti ya chini. "Andika. Kibali kimefutwa." Akafunika kalamu yake. "Basi. Usiandike kingine. Mama, nenda nyumbani."

Perusi alitoka nje ya ukumbi, akashuka, akaliendea dirisha la vibali. Ilikuwa Jumanne, na binti karani alikuwa bado hajachoka.

"Naomba fomu mpya, mwanangu."

"Ya nguvu ndogo, mama?"

Perusi alifikiri kidogo, vidole vikipigapiga ubao wa dirisha.

"Hapana," akasema. "Safari hii nipe ya nguvu ya kati."